Alama Kando ya Sikio la Tembo

Liège, tarehe 9 Machi 2024

Yaya Ezéchiel, kaka yangu,

Salamu kwako, kwa mkeo Divine na kwa watoto. Nakuandikia kwa barua pepe badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako Mama anaishika kila unapofika kwake, na haya sitaki ayasikie kwanza. Soma ukiwa peke yako.

Kazi yangu unaijua. Watu wanaleta sarafu za zamani kwenye mnada wetu wa mtandaoni, na kabla mnada haujafunguliwa mimi ndiye naangalia picha na kusema: hii ya kweli, hii ya uongo. Mwezi uliopita ililetwa sarafu ya dhahabu yenye tembo, zile ambazo Wajerumani walizipiga kule Tabora wakati wa vita ya kwanza. Zinatafutwa sana, kwa hiyo zinaigwa sana. Ile niliitilia shaka mara moja. Mikunjo ya ngozi ya tembo ilikuwa imefifia, na juu ya dhahabu kulikuwa na vitobo kama vya uji ulioacha kuchemka. Nikaikataa. Ikaja nyingine, muuzaji mwingine, nchi nyingine. Halafu ya tatu. Zote zilikuwa na alama moja mahali pamoja: kishimo kidogo kando ya sikio la tembo.

Sarafu inapata majeraha yake yenyewe. Hii imeangukia jiwe, ile imekwaruzwa na ufunguo. Ukiona mbili zenye jeraha lilelile, ujue zimemwagwa katika kalibu moja, na kalibu hiyo ilikandamizwa juu ya sarafu iliyokuwa na jeraha hilo tangu mwanzo. Hiyo tunaiita sarafu mama.

Yaya, sarafu mama hii naijua. Niliipapasa kwa kidole kabla sijajua kusoma. Unakumbuka Baba alivyochukua msumari na nyundo aitoboe, anivalishe shingoni, Mama akamnyang'anya nyundo? Kishimo kilibaki, hakikutokea upande wa pili. Ndiyo sarafu iliyotoka kwa baba ya babu yetu, aliyebeba mizigo ya jeshi mpaka Tabora. Ndiyo Baba aliyoishona katika mkanda wa suruali. Ndiyo aliyokuwa nayo siku boti ilipozama ziwani.

Na kuna jingine. Huyu muuzaji wa tatu yuko Kongo. Jina alilojiandikisha nalo ni Nonoo.

Weye uliniita Noella, Mama vilevile. Nonoo aliniita Baba tu.

Nilipaswa kuifunga akaunti hiyo palepale. Sijaifunga, maana nikiifunga sitampata tena. Tafadhali, muulize Mama, kwa kuzunguka, kishimo kilikuwa wapi hasa. Usimwambie sababu.

Mdogo wako,
Noella


Rugenge, tarehe 15 Machi 2024

Noella,

Nilifanya ulivyotaka, na ninajuta.

Hujaona ziwa lilivyopanda mwaka huu. Kule Kalundu, nyumba za chini zimeachwa zote. Kwa Mama maji yamepita kizingiti, samaki wadogo wanaingia mu salon, sebuleni kabisa. Kitanda chake tumekiinua juu ya matofali. Baada ya kumbembeleza sana alikuwa amekubali kuhamia kwetu, Divine alishamtayarishia chumba. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa.

Ndipo nikamuuliza. Nilisema, "Mama, ile sarafu ya Baba, mwishoni aliitoboa?"

"Hakuitoboa. Nilishika nyundo." Akagusa sikio lake mwenyewe, hapa nyuma. "Alama ilibaki huku, kwa tembo. Iko nani anauliza?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Ezéchiel. Iko nani anauliza?"

Sikumjibu vizuri, na weye unamjua. Siku ya kuhama nilifika na mkokoteni, nikakuta amefungua mafurushi yote. Sahani ziko mahali pake, nguo ziko kwa misumari. Ameketi kitandani, miguu juu, maji chini. "Baba yenu akirudi akakuta nyumba haina mtu, atatafuta wapi?" Miaka yote hii hakukubali tukae matanga, kwa sababu hakuona maiti. Mimi nilidhani jambo hilo limeshapoa. Halikupoa.

Sasa ananiambia kuna mtu anatembea mu salon, ndani ya maji, mchana kweupe. Nilimwambia ni mawimbi.

"Mawimbi hayakohoi," akasema.

Nilikaa naye pale mpaka jioni ili nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Noella, mimi si mtu wa hadithi, natengeneza batri na mitambo ya jua, kila kitu kwangu kina waya wake. Lakini niliyasikia maji yakisogea mu salon, yakafika karibu na pazia, yakatulia, kama mtu anayesimama kusikiliza. Nilivuta pazia. Maji matupu, na kiti.

Ukuta wa upande wa ziwa umepasuka. Hautavuka msimu huu. Funga akaunti ya huyo mtu, tuachane na sarafu. Ukimpa Mama hata punje ya matumaini, atazama nayo.

Ezéchiel


Liège, tarehe 19 Machi 2024

Yaya,

Nisamehe. Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha kumwandikia.

Sikumwambia mimi ni nani. Niliandika kama mtu wa mnada, nikamwomba picha ya ukingo wa sarafu, ikiwa imewekwa juu ya mizani. Mtu mwenye bandia tu angenyamaza, kwa sababu kwenye ukingo ndipo unapoonekana mshono wa kalibu. Yeye akatuma siku ileile. Nadhani aliogopa nitaikataa, akapiga picha ya iliyo bora kuliko zote.

Ilikuwa ile yenyewe. Hakuna mshono. Uzito ni sawa. Kwenye zile bandia midomo ya kishimo imelainika kama sabuni iliyotumika. Kwenye hii, dhahabu imeinuka pale msumari ulipoisukuma, kali bado. Niliikuza picha mpaka kishimo kikajaa kioo chote cha kompyuta. Nilikuwa naangalia pigo la mkono wa Baba.

Nikamwuliza, "Hili jina Nonoo umelitoa wapi?"

Akajibu, "Si jina langu. Ni la mtu aliyetoka kwa maji."

Nikauliza, "Mtu huyo yuko wapi?"

Hakujibu hilo. Aliandika, "Weye uko nani?" Na baadaye, bila mimi kuandika kitu: "Uko nani?" Halafu tena. Nilifunika kompyuta kwa kitambaa, Yaya, mimi mtu mzima.

Sahani ya mizani yake inang'aa kama kioo. Ndani yake unaonekana mlango wake umegeuzwa, na ng'ambo ya barabara kibao cha kijani cha duka la dawa, na ule mnara wa simu ulioinama. Unapajua. Tulipita pale kila Jumapili kwenda kanisani. Ni Nyamianda.

Kongo ni kubwa, nilidhani yuko mbali. Anakaa mwendo mdogo kutoka kwako. Nenda. Kama Baba yuko hai, nenda. Na kama ni kitu kingine, nenda pia, kwa sababu nimeshindwa kula.

Noella


Rugenge, tarehe 24 Machi 2024

Noella,

Kaa chini kwanza.

Nilikwenda Nyamianda. Ukitazama kibao cha duka la dawa, mgongoni mwako kuna chumba kidogo cha mfua dhahabu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, nijifanye mteja. Mtu alikuwa ameinama juu ya moto, wa umri wangu, labda ananizidi kidogo. Nikabisha hodi. Akainua macho.

Koleo ilimtoka mkononi. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akapindua maji ya kupozea dhahabu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo kabisa:

"Weye nilikuzika."

Nilisimama pale mlangoni, mkono bado juu. Noella, sijawahi kusikia baridi kama ile juani.

"Umekuja kuchukua yako?" akasema. "Ichukue. Iko hapa. Ichukue uende."

"Minye niko Ezéchiel," nikamwambia. "Mwana wa Léopold, wa Kalundu. Ulimzika nani?"

Aliniangalia miguu, kama anayetafuta kama inagusa chini. Baadaye akaketi, akalia.

Anaitwa Gaspard. Kwao ni Ubwari. Mwaka ule wa vita alikuwa kijana. Ziwa lilitupa mtu ufukweni kwao, amekumbatia bidon, dumu tupu, hai, lakini akili ilikuwa imebaki majini. Hakujua jina lake wala kwao. Neno lake lilikuwa moja tu, Nonoo, basi nao wakamwita hivyo. Na wakati ule, kwa vita, mtu wa Ubwari hakufika kwetu Uvira, wa Uvira hakufika Ubwari. Nani angeleta habari? Mama yake Gaspard, anaitwa Louise, alimweka kwake. Mtu huyo aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Homa ikamchukua. Louise alipofua suruali ili wamzike nayo, akakuta kitu kigumu kwenye mkanda.

Nina sura yake, anasema. Umri aliokuwa nao ndio nilio nao leo.

Kuhusu zile bandia hakunificha. Alipewa sarafu na mama yake alipoanza ufundi, akatengeneza kalibu, anauza, hata kwa wachuuzi wa nchi nyingine. Kwa jina akaandika la mwenye mali. Alisema ilimtuliza moyo. Nikamwuliza kwa nini hakufuta alama, mtu mjanja kama yeye. Akacheka vibaya.

"Nilijaza kile kishimo kwa nta. Nikajaza tena kwa udongo. Kalibu inatoka safi, naipapasa kwa kidole, laini. Nikimwaga dhahabu, tembo anatoka na kishimo chake. Zote. Sikuzitengeneza na alama mimi."

Sikumwamini. Akanionyesha kalibu. Niliipapasa. Ilikuwa laini.

Kwa hiyo Baba amekufa, Noella. Alikufa zamani, kwa homa, kitandani kwa mtu. Nimeiandika hapa ili nami niione.

Mama sijamwambia. Hataamini neno la Gaspard, atasema hata maiti hiyo hakuiona. Nataka kwanza nisimame mwenyewe juu ya kaburi. Boti ya Ubwari inaondoka Kalundu asubuhi, naenda na Gaspard. Kule hakuna mtandao. Usimwambie Mama kitu mpaka nirudi.

Ezéchiel


Liège, tarehe 27 Machi 2024

Yaya,

Nimelia, nimemaliza, nimeanza tena. Lakini sikuandikii hilo.

Leo Mama amenitumia sauti kwa simu ya jirani. Anaongea taratibu, na nyuma yake maji yanasikika. Anasema: "Baba yako anakaa mu salon, kwa kile kiti. Hasemi. Namwuliza kama ana njaa, hasemi. Sina woga. Lakini maji yamefika kwa matofali ya pili, na yeye hayamlowanishi."

Nilimpigia. Nilimwomba atoke. Akasema hawezi kumwacha mgeni peke yake ndani ya nyumba, halafu akajirekebisha: "Si mgeni."

Nilikaribia kumwambia yote. Maneno yalikuwa ulimini. Nikakumbuka neno lako, nikanyamaza, na sasa sijui kama nimefanya vizuri. Divine amekwenda kumvuta kwa mikono, Mama amejifungia.

Kuhusu huku: nilikwenda kwa mkubwa wangu wa kazi nikamweleza. Zile sarafu zimeondolewa, waliokuwa wamenunua wamejulishwa, akaunti imefungwa. Aliniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamwambia muuzaji alikuwa na jina langu. Alinitazama sana. Sijui kama nitabaki katika kazi hii, na leo jambo hilo halinisumbui.

Rudi upesi.

Noella


Liège, tarehe 31 Machi 2024

Yaya, simu yako haipiti. Ya jirani wa Mama imezimika tangu juzi. Ya Divine inaita tu. Leo ni Pasaka, nimeisikia kengele ya huku na nimekaa sakafuni. Niandikie hata neno moja.

N.


Rugenge, tarehe 4 Aprili 2024

Noella,

Mama yuko hai. Nimeanza na hilo.

Ziwa lilitukatalia kurudi, upepo ulikuwa mbaya, boti zote zilikaa Ubwari. Ndiyo sababu ya kimya changu; na simu ya Divine ilipotea siku aliyokwenda kumvuta Mama.

Louise ni mzee sasa, haoni vizuri, na nilishukuru kwa hilo. Nilimsalimu, akashika uso wangu kwa mikono miwili, akapitisha vidole juu ya paji, pua, mdomo. Hakusema "pole". Alisema, "Mulichelewa." Akamtuma Gaspard anipeleke mlimani.

Kaburi liko juu ya mihogo, mahali ambapo maji hayatafika. Mawe yamepangwa, nyasi zimefyekwa. Louise alilitunza miaka yote kaburi la mtu ambaye hakumjua jina. Msalaba ni wa mti, umeandikwa NONOO. Nilisoma jina lako juu ya kaburi, mdogo wangu.

Jua lilikuwa utosini. Gaspard alisogea kando. Nikasema kwa sauti, kama mtu anayeita mwenye nyumba: "Baba Léopold, ni Ezéchiel wa kwako. Tumekuona. Hapa ni kwako sasa, upumzike. Nyumba ya Kalundu inaanguka na Mama iko ndani. Mwachilie atoke."

Hakuna kilichotokea. Nzi, upepo, mihogo. Nilihisi aibu kidogo.

Tulipofika Kalundu nilishuka botini kabla haijafungwa. Upande wa nyumba ulikuwa wazi. Ukuta wa ziwa umelala majini, bati limekunjamana juu yake, na kile kiti kinaelea. Niliingia mpaka kifuani nikipapasa chini ya bati kwa mikono. Nilikuwa natafuta mwili. Ni mvuvi mmoja aliyenipigia kelele kutoka mtumbwini: "Mama yako Ernestine iko Rugenge! Alikwenda na moto, kwa pikipiki, siku hiyohiyo ukuta ulipoanguka!"

Nilimkuta kwetu, anachambua sombe, majani ya mihogo, na Divine. Nilipofungua mdomo akainua mkono. "Najua," akasema. "Na hukuniachia mtu wa kuniambia."

Mengine amekataa niandike mimi. Anasema nitayapanga sana.

Ezéchiel


Rugenge, tarehe 21 Aprili 2024

Mwanangu Noella,

Divine ndiye anayeandika, minye nasema. Nimemwambia asirembeshe.

Siku nilipotoka kule nyumbani, nilikuwa nimekaa kitandani nasuka mkeka. Baba yako alikuwa kwa kiti. Jua lilipofika katikati, akageuza kichwa kama mtu anayeitwa. Akasimama. Akapita mlangoni, na maji hayakusogea. Nikasema, "Léopold, unakwenda wapi tena?" Nikashuka, nikamfuata na kitenge hiki kimoja, mpaka barabarani. Pale barabarani hapakuwa na mtu. Nyuma yangu nikasikia ukuta. Sikugeuka. Nilisimamisha moto, nikamwambia mwendeshaji anifikishe kwa mwanangu.

Ezéchiel aliporudi nikamwuliza alisimama kaburini siku gani, saa ya namna gani. Alinijibu: ni siku ileile, jua likiwa katikati. Padri nimemweleza, akasema tuombe. Tumeomba.

Usijilaumu kwa kuulizia ile alama. Kama hukuuliza, ningehamia kwa Ezéchiel kwa mdomo tu, ningetoroka kurudi, na lile bati lingenikuta namngoja.

Matanga tumekaa wiki hii. Gaspard alikuja na mama yake kwa boti. Alileta sarafu, akaiweka mkononi mwangu, na kalibu zake akazivunja pale uani kwa jiwe, mbele ya watu. Wengine walinung'unika: huyu mwizi akae wapi? Nikasema akae na wana wa marehemu. Mama yake aliosha maiti ya mume wangu. Ezéchiel akamsogezea kiti.

Nilitaka kumchukia Louise. Mwanamke aliyekaa na mume wangu mwaka mzima, mimi nikiwa nasubiri! Wote walipokwenda kupakua chakula, tukabaki sisi wawili kwenye mkeka. Sikujua nimwulize nini. Alikuwa anakula? Alikuwa anakula, kidogo, samaki zaidi. Alikuwa na maumivu? Mwishoni. Kila jibu nililipokea kama habari ya mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa makavu, na watu walishaanza kuona.

Basi nikamwuliza kama usiku alikuwa anakoroma.

Louise alicheka, akaziba mdomo kwa sababu tuko matangani. "Eh, mama! Nyumba nzima ilikuwa hailali."

Ndipo nikalia.

Mama yako,
Ernestine